Nusu Meza ya Soko la Igogo

Habari za kifo chake nimezipata kwa muuza chipsi wa Mabatini, na hilo peke yake lingemfurahisha sana marehemu. Alinipigia simu asubuhi, saa ambayo wauza chipsi huwa bado wamelala, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mama wa kabichi ametuacha." Nilikaa kitandani simu iko sikioni, hata ile marahaba sikuiitikia. Ninyi mnaonisoma humu kila wiki mnajua kwamba huwa sikosi adabu ya salamu. Nikamuuliza maiti itasafirishwa lini. Naye akashangaa. "Isafirishwe iende wapi, Mwalimu? Tunamzika hapa hapa."

Swali langu halikuwa la kipumbavu kama lilivyosikika. Mama huyu alizaliwa Ulaya ya Mashariki, katika mji wa baridi kali, na alifika Mwanza miaka ya tisini akimfuata mumewe, fundi wa mitambo ya kugandisha samaki aliyeajiriwa na kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara. Walipewa nyumba ya kampuni kule Pasiansi, yenye ua, geti na mlinzi. Wageni wa aina yao walikuwa wengi wakati ule, wakija na kuondoka, na ukimuuliza leo mtu wa Mwanza awataje hatamkumbuka hata mmoja. Huyu anakumbukwa. Jina lake silitaji kwa kuwa safu hii haina desturi ya kutaja watu, na hata ningelitaja lisingewasaidia. Waliokula chipsi Igogo na Mabatini miaka ile wanamjua kwa ladha.

Tulifahamiana sokoni. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, kapera, nimepanga chumba kimoja Igogo, na nilikuwa nakwenda sokoni mwenyewe na kikapu changu, jambo lililowapa kina mama wa pale raha kubwa ya kunitania. "Mwalimu leo unampikia nani?" Kila siku swali ni hilo hilo na kila siku wanacheka kana kwamba limeulizwa kwa mara ya kwanza. Soko lenyewe lilikuwa dogo, limebanwa na mawe makubwa ya mlimani upande mmoja na barabara upande mwingine. Alfajiri wakulima walishuka na baiskeli kutoka Usagara na Misungwi, mchicha bado una umande, na siku nyingine yakaja machungwa ya Ukerewe yaliyovuka ziwa. Kina mama walinunua kwa jumla, wakapanga mafungu mezani. Wengi wao waume zao walikuwa wamepunguzwa kazini katika mageuzi yale ya uchumi. Mwanamume alirudi nyumbani na kiinua mgongo kilichoisha kabla hajakipangia matumizi, akaketi barazani kusubiri kazi irudi. Mkewe akatafuta mbao, akagonga meza. Watu wakizungumzia enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, siku hizi hutaja magari na mitumba na redio za kila aina. Mimi nakumbuka meza zile.

Huyu mama wa kizungu angeweza kuagiza mboga ziletwe nyumbani, kama walivyofanya wenzake wote. Hakutaka. Alikuja sokoni kwa miguu, mrefu, amevaa kofia ya majani, na alikuwa na utaratibu wake wa kununua ambao ulitushinda kuuelewa. Leo atanunua nyanya kwa mama wa kwanza, vitunguu kwa wa pili, bamia kwa wa tatu. Kesho nyanya kwa wa nne, vitunguu kwa wa tano. Alizunguka soko zima hivyo kwa zamu, hamrudii muuzaji mpaka amewamaliza wote. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliona huo ndio uungwana. Kwao walikuwa wamelelewa katika ujamaa kama sisi, tena wa kwao ulikuwa mkali zaidi, na alifundishwa kwamba kinachogawanywa kigawanywe sawa. Kwa hiyo alitugawia uteja wake sawa kwa sawa, kila meza na fungu lake, asionewe mtu.

Sasa, anayelijua soko letu anajua kosa liko wapi. Sokoni kwetu muuzaji humwita mnunuzi mteja, na mnunuzi naye humwita muuzaji mteja. Ukiwa na mteja wako umepata mtu. Atakuongeza nyanya mbili juu ya fungu bila kuombwa, hiyo ndiyo nyongeza. Atakwambia samaki yule wa meza ya pili usimguse, amelala, yaani ni wa jana. Usipoonekana atauliza una nini. Huyu mama alipowagawia wote, hakuwa mteja wa yeyote, na hakuna aliyempa hata kipande cha tangawizi. Kina mama walimjadili mbele yangu bila chuki yoyote. "Leo kwangu, kesho kwa mwingine," mmoja alisema akikung'uta mchicha. "Sasa nyongeza nimpe ya nini? Ili akaseme asante kwa mwenzangu?"

Mambo yaligeuka siku aliyopigwa kibao cha mkono. Alikuwa amefika zamu ya mama mmoja wa Kisukuma, muuza nyanya, ambaye tangu hapa nitamwita mama wa nyanya. Huyu ndiye alikuwa mteja wangu mimi, mama mnene, mpole wa sauti, kila r mdomoni mwake ni l, na asiye na subira hata chembe. Mzungu akainama mezani, akaanza kufumua fungu. Akatoa nyanya kubwa ya juu, akaangalia za chini, akaziona ndogo, akachukua nyingine kubwa kutoka fungu la jirani, akapanga upya. Kwa mtu aliyezaliwa Igogo hilo ni sawa na kuingia jikoni kwa mwenzio na kufunua sufuria. Meza zote zilimwona na zote zikaendelea kupanga mafungu, maana mzungu haambiwi kitu. Mama wa nyanya akanyoosha mkono, akamchapa kidogo kwenye vidole.

"Mama, acha. Unahalibu fungu."

"Mimi nataka hii," yule akasema kwa Kiswahili chake cha wakati ule, akiinua nyanya.

"Ukitaka hiyo, chukua na wenzake. Wamekuja pamoja."

Nilidhani atakasirika. Wauzaji wa karibu walishajiandaa kumwombea msamaha mwenzao. Lakini alicheka, akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke, akalipa fungu zima na zile ndogo zake. Tulipopanda mlima pamoja na vikapu vyetu aliniambia kwamba tangu afike Tanzania hakuna mtu aliyewahi kumkemea, na alikuwa ameanza kujihisi hayupo. Kisha akaniuliza jambo lililokuwa likimkera. Kwa nini mimi napewa nyongeza na yeye hapewi? Nikamwambia achague mmoja. Akasimama njiani. "Na wengine?" Nikamjibu kwamba wengine wana wateja wao. Akasema hiyo si haki. Nikamwambia haki ya namna yake tulikuwa nayo siku za maduka ya kaya, tukipanga foleni ya sukari na sabuni, kila mtu akipata sawa na mwenzake, na muuzaji akikurushia mche wa sabuni bila kukutazama usoni. Hilo alilielewa. Kwao ilikuwa mkate na nyama, na theluji juu yake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda moja kwa moja kwa mama wa nyanya, akaweka kikapu chake mezani. Kilichofuata ndicho nilichotaka akione. Alipouliza vitunguu, mama wa nyanya hakumwacha aondoke. Alipaza sauti, "Mpe mteja wangu vitunguu, chagua vizuli," na vitunguu vikaja. Vikaja na pilipili hoho, vikaja na limau la nyongeza kutoka meza ambako alikuwa amenunua kwa zamu miezi mingi bila kupata hata salamu ndefu. Alikuwa amejitahidi kuwa wa wote akabaki nje. Alipokuwa wa mmoja, wote wakampokea. Nilifundisha siasa na uraia miaka mingi na sikuwahi kupata somo zuri kama hilo la kuwapa wanafunzi.

Kiswahili chake chote alikipata pale mezani, na ndiyo maana mpaka anakufa alikizungumza kama mtu wa Misungwi. Alisema "kalibu" na "habali za asubuhi" kwa kujiamini kabisa, na wazee wa Kisukuma aliwaamkia "mwangaluka" kabla hawajafumbua mdomo. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa wakigeuka mara mbili kumtazama.

Halafu ukaja msimu mbaya. Wanunuzi wa Ulaya walikataa samaki wetu kwa muda, na viwanda vya minofu vikapunguza kazi, vingine vikafunga milango. Kiwanda cha mumewe kilikuwa miongoni mwa vilivyofunga. Wageni wakaambiwa wajiandae kuondoka na nyumba za Pasiansi zirudishwe. Mumewe alitaka waende. Yeye hakutaka, ila hakuwa na jibu la swali la mumewe, ambalo lilikuwa rahisi: tutakaa hapa tukila nini? Kwao hapakuwa na cha kurudia. Nyumba waliiacha, kiwanda cha mji wao kilikuwa kimeuzwa na kufungwa, na watu wake wengi walikuwa wametawanyika kutafuta maisha kama wa kwetu. Akaacha kuja sokoni. Aliona haya kusimama mbele ya mteja wake na kikapu kisichojazwa.

Alisahau kwamba mteja asipoonekana huulizwa. Mama wa nyanya alivumilia kidogo, kisha siku moja akafunga meza mapema, akajitwika sinia la kabichi, akatembea mpaka Pasiansi. Mlinzi wa geti akamwambia wenye nyumba hawanunui. "Siuzi," akasema. "Nimekuja kumwona mteja wangu." Mlinzi akasema hapa hakuna mteja, kuna madam. "Basi mwite huyo madam, mwambie mteja wake amekuja, aone kama hatatoka." Alitoka, tena bila viatu. Haya alinisimulia mama wa nyanya mwenyewe, na sehemu ya bila viatu huwa hairuki.

Kabichi hazikuwa zawadi, alilisisitiza hilo. Mvua zilikuwa zimepita vizuri, kabichi zimejaa sokoni mpaka mbuzi wamezichoka, na wakulima walikuwa wakizimwaga njiani badala ya kurudi nazo. "Zitaoza tu," alimwambia. "Bola uzile." Mzungu akazitazama zile kabichi, akamketisha mgeni wake jikoni, akatoa kisu na ndoo yenye mfuniko. Akakata kabichi nyembamba sana, akanyunyiza chumvi, akaponda kwa ngumi mpaka ikatoa maji yake, akashindilia ndani ya ndoo na kuweka jiwe juu. Jiwe, na Mwanza mawe hatuyanunui. Akaeleza kwamba kwao kila nyumba hufanya hivyo kabla ya baridi, kwa sababu kuna miezi ambayo ardhi haitoi kitu. Mama wa nyanya aliitikia kwa kichwa. "Ni michembe hiyo," akasema. Anayetoka Usukumani anajua michembe, viazi vinavyokatwa na kuanikwa wakati wa mavuno ili viliwe wakati wa njaa. Walielewana jikoni pale bila msaada wa mwalimu.

Ndoo ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Aliisubiri kwa majuma kadhaa, kama kwao, akaileta sokoni akiwa amejifunga kanga kiunoni, akaketi juu ya gunia kando ya mteja wake, akafungua mfuniko. Harufu ilifika barabarani. Mtu wa kwanza aliyeonja alitema, na wa pili hakutokea. Mama wa nyanya ndiye aliyegundua kosa. "Huku joto, mteja wangu. Togwa nikiweka leo, keshokutwa tunakunywa. Wewe umeweka kama unazika." Wakamwaga ndoo, wakaanza upya. Safari hii iliiva baada ya siku chache tu, ikiwa kali na bado inalia mdomoni, na mama wa nyanya akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Akasema inataka pilipili na karoti. Ikawekwa. Mimi nilionja baada yao na nililazimika kukaa chini.

Lakini harufu ya ile ndoo ya kwanza ilikuwa imemfikia mwenyekiti wa soko. Jumamosi moja asubuhi, soko limejaa, alikuja na wenzake wawili wa kamati, wakasimama mbele ya gunia. Mwenyekiti alikuwa mtu wa heshima, muuza samaki wa siku nyingi, na lazima niseme wazi kwamba alikuwa na hoja. Viwanda vilipokuja, sangara wote walichukuliwa ufukweni kabla ya jua, meza yake ikabaki na dagaa, na sisi wenye mji tukabaki na mapanki, ile mifupa yenye vichwa inayobaki baada ya minofu kuondoka kwa ndege. "Samaki wamechukua," alisema, na hakupaza sauti. "Tukanyamaza. Leo wanataka na kabichi? Meza za hapa ni za watu wa hapa. Mama, nakuomba uinuke."

Mzungu akainuka. Sijamwona tena mtu mzima akikunja gunia kwa uangalifu namna ile. Wote tulijua kinachokunjwa pale, kwa sababu mumewe alikuwa ameshakubali nafasi katika ndege ya mizigo, na alikuwa amempa mkewe muda mpaka mwisho wa mwezi kuonyesha kwamba kabichi inaweza kumlisha mtu. Wengine walimwonea huruma, wengine waliona mwenyekiti amesema lililo mioyoni mwao, na nadhani wengi walikuwa na yote mawili kwa pamoja.

Mama wa nyanya hakubishana na hoja. Alianza kusogeza nyanya zake. Akabeba fungu moja moja, akaligeuza upande wa kushoto wa meza, akalibananisha na jingine, mpaka nusu ya meza ya kulia ikabaki mbao tupu. Akaipangusa kwa upindo wa kanga. Kisha ndipo akasema.

"Mwenyekiti, unasema kweli. Samaki wamechukua, na waliochukua wameondoka na ndege. Huyu amebaki. Huyu si wa kiwandani, huyu mteja wangu. Umesema hana meza, sawa. Mimi ninayo, na ushulu nalipa mimi. Nusu hii nimempa."

"Na ukikosa pa kuweka nyanya?"

"Nitaweka chache."

Mwenyekiti aliitazama ile mbao tupu. Yeye mwenyewe alijua meza ni nini kwa mama yule, aliyekuwa na watoto wa kusomesha na mume barazani. Akaguna, akasema kamati haina mamlaka juu ya meza iliyolipiwa ushuru, akaenda zake. Mama wa nyanya akaiinua ndoo mwenyewe, akaiweka juu ya nusu ile. "Kaa," akamwambia mwenzake. "Na kwanza chukua kisu hicho, ukate kitunguu. Utakaaje bule?" Mimi nilijifanya nachagua limau kwa muda mrefu sana, kwa kuwa macho yangu yalikuwa hayafai kuonekana na watu wanaonitania.

Kilichomaliza ubishi ni chipsi. Biashara ya chipsi ilikuwa mpya wakati ule, imeota kila kona kama uyoga, na huyu bwana wa Mabatini aliyenipigia simu alikuwa ndiyo kwanza amepata karai lake. Kiangazi kilipoingia nyanya zikapanda bei mpaka kachumbari ikawa anasa, na wateja wakawa wanakula chipsi kavu na kulalamika. Akaja Igogo kutafuta nyanya za bei nafuu kwa mama wa nyanya. Mama wa nyanya akamwambia hana, ila mteja wake ana kitu, ajaribu. Akachukua bakuli moja kwa mashaka makubwa. Kesho yake alirudi na ndoo tupu mkononi. Watu walikuwa wamekula, wakaulizana ni nini hiki kinachochoma na kuchangamsha mdomo, wakarudi na wenzao. Haukupita muda wauza chipsi wa Igogo nao wakaja, na wa barabara ya kwenda mjini, na kabichi zilizokuwa zikimwagwa njiani zikawa zinasubiriwa na watu wawili wenye ndoo. Wakulima wa Usagara walianza kumsalimia yule mama kwa heshima iliyokuwa haina uhusiano wowote na rangi yake. Mwisho wa mwezi ulipofika, ndege ya mizigo iliondoka na mumewe hakuwamo. Alikuwa nyuma ya duka moja la Mabatini, amelalia tumbo, akitengeneza friji.

Na mwenyekiti? Jioni moja nilimkuta kwa muuza chipsi, sahani mkononi, akiomba aongezewe kabichi. Aliponiona alisema, "Mwalimu, usiandike." Wakati ule nilikuwa siandiki popote, kwa hiyo nadhani katazo hilo halikunifunga.

Wanunuzi wa Ulaya walirudi baadaye, viwanda vikafunguliwa, na kampuni ikamtafuta mumewe. Alirudi kazini kwa masharti yake mwenyewe, lakini nyumba ya Pasiansi waliikataa, wakabaki Igogo penye mawe na majirani. Geti la zamani likapata wenyewe wapya. Siku moja, nikiwa sokoni, nikamwona mke wa meneja mpya, mgeni kabisa, kofia mpya kichwani, akiinama juu ya meza ya mama wa nyanya na kuanza kuchambua nyanya kutoka fungu hili na lile. Mama wa nyanya alikuwa ameinama akimhudumia mtu. Mkono uliotoka kumchapa yule mgeni vidole ulikuwa mweupe, umejaa chumvi ya kabichi.

"Mama, acha," akamwambia. "Unahalibu fungu."

Soko zima lilicheka, na mimi nilicheka mpaka nikaweka kikapu chini. Mgeni akairudisha nyanya funguni, kisha akacheka naye. Mume wa mama wa kabichi alipofariki miaka mingi baadaye, watu wengine walidhani sasa ataondoka. Walioliona lile kofi la sokoni hawakudhani hivyo hata siku moja.

Tumemzika mahali panapoliona ziwa. Siku hizi siishi Mwanza, kwa hiyo nilisafiri usiku kucha kuwahi, nikakuta umati ambao sikuutarajia, wauza chipsi wa zamani na wa sasa, wakulima na baiskeli zao wameziegemeza ukutani, na kina mama wa soko waliofunga meza zao, jambo ambalo halikufanyika hata siku za mikutano ya kisiasa. Mwongoza shughuli alikuwa kijana wa kukodi, hamjui marehemu wala historia yake. Alifuata utaratibu wake vizuri mpaka akafika pa kuweka udongo, akatangaza kwenye kipaza sauti, "Tunaanza na ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu tunaomba msimame." Yeye na mumewe hawakuwa wamejaliwa watoto. Wa ukoo wake waliobaki wako mbali ambako hakuna aliyejua hata namba ya kupiga. Kijana akarudia tangazo, na nikaona anaanza kuangalia chini kutafuta maneno ya kuruka sehemu ile. Nikakumbuka alivyoniambia mlimani kwamba alihisi hayupo.

Mama wa nyanya sasa ni mzee, miguu inamsumbua. Aliinuka taratibu akishikilia bega la mwenzake. Kijana akamwuliza kwa adabu, kipaza sauti kikiwa bado wazi, "Shikamoo bibi. Wewe ni nani wake?"

"Mimi mteja wake," alisema.

Nyuma yake wakainuka meza ya vitunguu na meza ya bamia, wakainuka wa mchicha na wa dagaa, akainuka na mwenyekiti wa zamani kwa fimbo yake. Muuza chipsi akainuka, na mimi nikainuka, maana hata mimi nilikuwa mteja. Kijana aliangalia umati mzima uliosimama, akafunga daftari lake la utaratibu, akasema, "Basi njooni." Tukamwekea udongo kwa zamu, meza baada ya meza, hakuna aliyerukwa, kama alivyokuwa akinunua yeye mwanzoni. Natamani angeona.

Siku hizi mjini kuna maduka makubwa yenye milango ya kioo inayojifungua yenyewe, na nyanya zimefungwa kwenye plastiki, zote zinalingana. Mimi pia huingia, siwezi kudanganya. Unachukua, unalipa, unatoka, na hakuna anayejua kama ulikuja au hukuja. Tulipofunguliwa milango miaka ile tuliambiwa kwamba uhuru wa soko ni kuweza kununua kwa yeyote, popote. Ni kweli, na sitaki foleni ya sabuni irudi. Ila nimeona kwa macho yangu mama mmoja akiutumia uhuru huo kuwa na mtu mmoja wa kwake, na huyo mmoja akampatia soko zima, meza, mji na kaburi lenye watu. Kwa hiyo wewe unayesoma, popote ulipo, hata kama ni ugenini, nakuomba kesho uende sokoni ukachague mteja wako, uweke kikapu chako mezani kwake, na nyanya ndogo za chini uzichukue na wenzake.